Waliotutangulia Ulaya

Kamati ya gazeti hili imenitaka niandike habari za safari yangu ya Ulaya, na katibu akanisisitizia kwamba wasomaji wangependa kusikia juu ya miji ya kale, hoteli, vyakula na maduka ya vitabu. Hayo yote nitayagusa, maana sikwenda huko kufumba macho. Lakini nimeona kwamba msomaji wa Kwamkoro atafaidika zaidi nikimpa pamoja na hayo historia ambayo mimi mwenyewe sikufundishwa nilipokuwa mwanafunzi, yaani habari za watu wa kwetu waliofika katika miji hiyo hiyo zamani za Mjerumani na Mwingereza, wakaitazama kwa macho yao, na baadhi yao wakaiandika kwa Kiswahili.

Sisi tuliosoma huku Usambara tunayajua majina ya Wazungu waliokuja kwetu. Tunamjua Krapf, aliyefika kwa Kimweri kule Vuga mwaka 1848. Tunamjua Oscar Baumann, aliyeizunguka milima hii na kutoa kitabu juu yake mwaka 1891. Tunajua kwamba Lushoto iliitwa Wilhelmstal, na kila aliyepita Amani, jirani zetu, ameonyeshwa majengo ya kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Basi mwulize kijana yeyote wa kidato cha nne: ni nani wa kwetu aliyekwenda kwao, akalala katika hoteli zao, akala chakula chao, akatuletea habari? Atanyamaza. Na lau ningeulizwa mimi nilipokuwa na umri wake, ningenyamaza vile vile.

Safari yangu ilikuwa hivi. Nilipelekwa na ofisi yangu kuhudhuria mafunzo ya wiki tatu mjini Berlin, na mafunzo yalipokwisha nikachukua siku za likizo yangu ili nipite Hamburg na London kabla ya kurejea. Ili kupata viza ya Ujerumani nilitakiwa kuonyesha barua ya mwaliko, taarifa za benki, bima ya matibabu na tiketi ya kurudi nyumbani. Viza ya Uingereza ilikuwa jambo lingine mbali, na karatasi zake mbali. Naitaja tiketi ya kurudi kwa makusudi, ndugu msomaji, kwa sababu itaonekana tena huko mbele.

Hoteli niliyowekwa Berlin ilikuwa ndogo, safi, na yenye joto la kutosha. Asubuhi ulikuwa unajipakulia mwenyewe: mkate mweusi mzito wenye mbegu, jibini za namna nyingi, mayai ya kuchemsha na kahawa nzuri sana. Soseji zao nyingi ni za nguruwe, na asiyekula nguruwe hana budi kuuliza kwanza; lakini Waturuki wamejaza mji mzima kwa mikahawa ya nyama ya kuchoma na mkate, kwa hiyo hakuna atakayekufa njaa. Kilichonihuzunisha ni chai. Huko ni maji ya moto na kifuko kinachoning'inia kwenye uzi, maziwa mpaka uombe. Mtu aliyelelewa katikati ya mashamba ya chai ya Kwamkoro hawezi kustahimili jambo hilo kwa wiki tatu bila kulalamika, nami nililalamika.

Siku moja nilipita mbele ya duka la maua nikaona vyungu vidogo vimepangwa dirishani, vyenye maua ya zambarau na majani yenye manyoya. Nilisimama. Ni ua letu lile lile linaloota juu ya miamba yenye unyevu kando ya vijito vya msitu wa Amani. Juu ya kibao cha bei liliandikwa jina la Kijerumani, *Usambaraveilchen*, nalo neno Usambara limo humo bila kugeuzwa hata herufi. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika sehemu hizi, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalitangaza kwa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Leo limo katika madirisha ya nyumba duniani kote. Niliyoyasikia baadaye juu ya wanadamu waliosafiri kutoka pwani hii hii yalinifanya nilikumbuke ua hilo mara nyingi. Ua lilipokewa vizuri sana.

Mbele ya Chuo Kikuu cha Humboldt, katika barabara iitwayo Unter den Linden, wauzaji wa vitabu vilivyokwisha kutumika hupanga meza zao nje, na mtu aweza kupoteza nusu siku pale bila kujua. Ng'ambo ya barabara ndipo ulipo uwanja ambapo tarehe 10 Mei 1933 wafuasi wa Hitler walichoma moto vitabu kwa maelfu. Ukitazama chini kupitia kioo kilichowekwa katikati ya uwanja utaona chumba cheupe chenye rafu tupu, hakuna kitabu hata kimoja. Nilitoka pale nikarudi kwenye zile meza, na katika kuchakura nikakuta tafsiri ya Kiingereza ya *Desturi za Wasuaheli*, iliyofanywa na J.W.T. Allen na kutolewa mwaka 1981. Nikainunua papo hapo.

Mwandishi wa asili wa kitabu hicho, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikuwa mtu wa karibu na Bagamoyo, mwenye elimu ya dini. Mwaka 1900 alichukuliwa kwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1887 ili kuwafundisha lugha maofisa na wafanyabiashara wa Kijerumani kabla ya kuja kwetu. Profesa Carl Velten alikitoa kitabu hicho mwaka 1903, na kwa muda mrefu jina lililosomwa kwenye jalada lilikuwa la Velten, ijapokuwa maneno mengi ya ndani ni ya Mtoro. Mambo ya ndoa, ya mazishi, ya ngoma, ya kilimo na ya deni, yote yameandikwa na mtu aliyekaa katika baridi ya Berlin akikumbuka kwao.

Mtoro hakuwa wa kwanza. Kabla yake alifundisha pale Amur bin Nasur wa Unguja, kuanzia mwaka 1891 hadi 1895, naye aliacha maandishi ya Kiswahili juu ya maisha yake na juu ya mji wa Berlin. Na yuko Selim bin Abakari, Mngazija, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Dakta Bumiller, katika safari ya Urusi na Siberia. Fikirini, vijana: mtu wa pwani yetu, zaidi ya miaka mia moja na ishirini iliyopita, alifika Petersburg na Moscow, akavuka nchi za theluji, akateremka mpaka Samarkand katika Asia ya Kati, kisha akaandika habari zake kwa Kiswahili. Velten alizichapisha mwaka 1901 pamoja na habari za wasafiri wengine katika *Safari za Wasuaheli*. Selim alikwenda kama mtumishi. Lakini katika kuandika hakuwa mtumishi wa mtu. Yeye ndiye aliyetazama, na Warusi ndio waliotazamwa. Kwa maoni yangu kijana anayetaka kujifunza kuandika habari za safari angeanza na huyo kabla ya kusoma msafiri yeyote wa Kizungu.

Turudi kwa Mtoro. Palitokea mabishano pale chuoni juu ya heshima aliyostahili kupewa kama mwalimu. Wanafunzi wake walikuwa ni watu waliojiandaa kuja kututawala, na kumwita Mwafrika mwalimu kuliwashinda baadhi yao. Kazi ikamtoka. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, na mwaka uliofuata wakapanda meli kuja huku ili waanze maisha. Serikali ya kikoloni ikamkatalia kushuka nchini na mkewe. Hakuwa na hatia nyingine isipokuwa hiyo ndoa. Wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg kwa miaka michache, kuanzia 1909, kisha akawa anazunguka katika miji akitoa mihadhara juu ya Afrika ili apate riziki. Alifariki Berlin mwaka 1927, na tangu siku ile ya 1905 hakurudi tena kuishi kwao.

Nilipofika Hamburg nilikaa siku mbili. Ni mji wa maji na madaraja, na maghala ya matofali mekundu yaliyojengwa kuhifadhia kahawa, viungo na mazulia yamesimama mpaka leo. Nilikula samaki mzuri pale bandarini. Lakini nilipokuwa nikitembea nilijiuliza mara kwa mara Mtoro alipita mtaa gani, na jioni za Desemba alikuwa akiongea Kiswahili na nani. Vile vile katika mji huo aliishi Bibi Salme, binti Sultani wa Unguja, aliyeondoka kwao mwaka 1866 na kuolewa na Heinrich Ruete. Kumbukumbu zake, alizozitoa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinajulikana zaidi kuliko maandishi ya hao wengine wote, kwa hiyo sina haja ya kuzirudia hapa.

Kuna mmoja ambaye sikumjua kabisa mpaka nilipooneshwa jina lake chini ya miguu yangu. Huko Berlin wana desturi ya kutia vijiwe vya shaba katika njia ya waendao kwa miguu, mbele ya nyumba walimokaa watu waliouawa na utawala wa Hitler. Katika Brunnenstraße, mbele ya nyumba namba 193, kipo kijiwe kilichowekwa mwaka 2007 kwa ajili ya Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904. Mtoto huyu aliingizwa katika jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaenda serikalini kudai mishahara ya baba yake na yake mwenyewe ambayo haikulipwa. Hakupewa.

Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumia wageni katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe lililokuwa Potsdamer Platz. Jumba hilo lilikuwa na kumbi za kulia chakula zilizotengenezwa kwa mfano wa nchi mbalimbali. Mtu angeweza kunywa kahawa kama yuko Uturuki na kisha kupanda ngazi akale kama yuko kando ya mto Rhine, ambapo palikuwa na mitambo ya kuigiza radi na mvua. Wajerumani walifurahi kuizunguka dunia pale bila kutoka Berlin, na mtoto wa Dar es Salaam akawabebea sinia. Husen alifundisha pia Kiswahili katika chuo kile kile cha Amur na Mtoro, na akaigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa na mahakama yoyote, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944.

Nimeandika hayo si kwa kutaka kuwaharibia vijana hamu ya kusafiri. Hamu hiyo ni njema na mimi mwenyewe ninayo bado. Ila mtu akisifu kahawa ya Berlin, na mimi nimeisifu, yafaa ajue kwamba utamu wake wategemea sana ile karatasi iliyomo mfukoni.

Sasa nafika kwa mtu ambaye nadhani atawagusa zaidi wasomaji wa gazeti hili, kwa kuwa ni jirani yetu na kwa kuwa alikuwa, kama wengi wetu, karani wa serikali. Martin Kayamba alikuwa Mbondei. Ukitelemka kutoka Kwamkoro kwa ile barabara ya kona nyingi mpaka Muheza, umeingia nchi yake. Na ukoo wake ulikuwa na udugu na Wakilindi waliotawala Usambara. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani katika shule ya misheni ya UMCA. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikwisha kupelekwa Uingereza kusoma kwa muda katika karne ya kumi na tisa, kwa hiyo nyumbani kwao Ulaya haikuwa hadithi tu. Kayamba alifanya kazi Kenya na Uganda, na vita vya 1914 vilimkuta upande wa Wajerumani, wakamfunga mpaka 1916 kwa kumshuku. Waingereza walipoingia alianza kazi Tanga, na baada ya miaka michache akawa karani mkuu wa ofisi ya wilaya. Huko Tanga mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, chama ambacho wanahistoria hukihesabu miongoni mwa vyanzo vya siasa ya kitaifa katika nchi yetu.

Mwaka 1931 kamati ya mabaraza mawili ya Bunge la Uingereza ilisikiliza maoni juu ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Jambo hilo halikuwa dogo. Walowezi wa Kenya walikuwa wameshika ardhi nzuri na walitaka kushika na serikali. Kuunganishwa nao kungemaanisha kuletewa kipande na sheria zao za ardhi mpaka huku kwetu. Kwa mara ya kwanza Waafrika waliitwa London kutoa ushahidi. Kutoka Kenya walikwenda Chifu Koinange, Ezekiel Apindi na James Mutua. Uganda ilimpeleka, miongoni mwa wengine, Serwano Kulubya. Tanganyika ilipeleka watatu: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga. Wakasema mbele ya mabwana wale kwamba Waafrika wa Tanganyika hawautaki muungano huo. Kamati ilipotoa taarifa yake mwaka huo huo ilikataa kuziunganisha nchi hizi kwa wakati ule. Sidai kwamba ni maneno ya Waafrika peke yake yaliyoleta matokeo hayo. Hazina ilikuwa tupu, na hata Waingereza wenyewe hawakupatana. Lakini maneno yalisemwa, na yakaandikwa.

Baada ya safari hiyo Kayamba alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya. Aliandika kitabu cha Kiswahili, kikachapwa London na Sheldon Press mwaka 1932, nacho kinaitwa *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Lizingatieni jina hilo. Hakusema nilivyoona, alisema tulivyoona. Wala hakuishia katika kuona, bali alitia na kufanya. Msafiri wa starehe huleta aliyoyaona, na mjumbe hana budi kueleza na aliyoyafanya, kwa sababu wapo waliomtuma. Sisi watumishi wa serikali wa leo tunasafiri kwa fedha za umma kuliko Kayamba alivyopata kuota, na taarifa zetu za safari hukaa katika majalada ambayo hakuna ayasomaye. Tena mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza.

Najua wapo wanaomdharau Kayamba kwa kusema alikuwa mtu wa Waingereza mno. Ni kweli alipenda sana mambo yao, alipewa nishani yao, na aliamini kwamba maendeleo yangekuja kwa taratibu na kwa utii. Wale waliokuja kudai uhuru miaka ishirini baadaye hawakuwa na subira hiyo, na historia iliwapa haki. Hata hivyo nachelea hukumu ya haraka. Karani wa mwaka 1931 alikuwa na njia chache za kusikika, naye alizitumia karibu zote: chama, kamati za elimu, ushahidi wa Bunge, na kalamu. Mwaka 1932 alihamishiwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam, katika cheo ambacho Mwafrika hakuwahi kukipata kabla yake. Alistaafu mwaka 1938 na hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

London nilikaa siku nne, katika chumba cha hoteli ambacho mtu akifungua sanduku hana pa kusimama. Nilikula wali na mchuzi kwa Wahindi, nikaona kwamba ndio chakula bora cha mji ule. Nilitembea kando ya mto Thames mpaka Westminster, nikalitazama Bunge kutoka nje. Kisha nikashinda siku nzima katika maduka ya vitabu ya Charing Cross Road nikiulizia kitabu cha Kayamba. Hakuna aliyekuwa amekisikia. Mzee mmoja mwenye duka, mtu wa adabu sana, aliniandikia jina lake kwenye daftari akaniahidi kunijulisha akikiona. Nilichopata kwake ni kile kitabu cha maisha ya Waafrika kumi alichokihariri Margery Perham mwaka 1936, ambamo mna sura ya Kayamba aliyoiandika kwa Kiingereza. Nilikisoma ndani ya ndege mpaka taa zikazimwa.

Hivyo vitabu viwili, cha Mtoro na hicho cha Perham, nitavikabidhi kwa maktaba ya shule siku ya mkutano wetu. Kile cha Kiswahili cha mwaka 1932 bado nakitafuta. Siamini kwamba hakuna nakala iliyosalia katika nchi ya mwandishi mwenyewe. Walimu wengi wa zamani wa misheni, kuanzia Magila mpaka Korogwe, walikuwa na tabia ya kutunza vitabu katika masanduku ya bati, na wajukuu zao baadhi tulisoma nao hapa. Mwenye kukiona, hata kama jalada limetoka na kurasa zimeliwa na mchwa, tafadhali amjulishe katibu wa kamati. Gharama za kukitoa nakala nitalipa mimi, na chenyewe kitarudishwa kwa mwenyewe.